Skrini Mbili, Sebule Moja

Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, upana wa chumba uliamuliwa na mti. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya Shangani, Kiponda na Malindi ni virefu na vyembamba, na kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani ya vyumba hivyohivyo leo mna ofisi za mawakala wa utalii, wahasibu, wachora ramani na wahariri wa video. Ukishaingiza meza, kabati la mafaili na feni, nafasi imekwisha. Hata hivyo, juu ya meza hiyo siku hizi huwekwa skrini mbili, pengine tatu.

Zimewekwa hapo kwa nguvu ya rai moja iliyokubalika bila kuhojiwa: kadiri skrini zinavyozidi, ndivyo kazi inavyokwenda mbio. Muuza kompyuta wa Darajani anaiamini, mkuu wa ofisi anaiamini, na kijana anayejifunza kuandika programu anaiamini, kwa kuwa kila picha ya meza ya kazi anayoiona kwenye simu yake ina skrini tatu zilizopangwa mfano wa ukuta. Rai hiyo imezaa nyingine mbili. Ya kwanza inasema kila kilichomo kwenye skrini ya mwanzo, yaani upau wa kazi, saa, aikoni na arifa, kitandazwe pia kwenye skrini nyingine zote ili mkono usisafiri mbali. Ya pili inasema mtu achomeke waya tu, kompyuta itajua yenyewe namna ya kupanga.

Zote tatu zina kasoro, na kasoro hizo zinawagharimu watu fedha na saa za kazi. Skrini ya pili ni chombo kizuri, na mwenye kuihitaji anastahili kuipata. Lakini haileti faida kwa kuwapo tu mezani. Inafaa pale inapopewa kazi moja inayojulikana, pale vitu vya kudumu vinapobaki mahali pamoja, na pale mwenye meza mwenyewe ndiye aliyeamua nini kikae wapi.

Wanaotetea wingi wa skrini wana ushahidi, na ushahidi huo unastahili kusomwa mpaka mwisho. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapa watu 108 kazi za kawaida za ofisi: kuhariri maandishi, kujaza majedwali ya hesabu na kutayarisha slaidi. Waliotumia skrini zaidi ya moja walimaliza upesi zaidi na wakakosea kidogo zaidi. Tangu hapo matokeo hayo yamekuwa yakinukuliwa katika matangazo ya biashara. Kisichonukuliwa ni kwamba utafiti uligharimiwa na NEC-Mitsubishi, waliokuwa wakiuza skrini, pamoja na ATI, waliokuwa wakiuza kadi za picha. Wala hakisemwi kitu muhimu kuliko hicho: kazi walizopewa zilikuwa za kutazama waraka mmoja huku ukiandika kwenye mwingine. Kwa kazi ya namna hiyo skrini ya pili inasaidia, na hakuna anayebisha.

Chuo hichohicho kilirudi tena mwaka 2008, kwa fedha za NEC vilevile. Safari hii waliokaa mbele ya skrini moja pana ya inchi 24 waliwapita kwa kasi ya asilimia 52 wale wa skrini ya inchi 18. Waliopewa skrini mbili za inchi 20 waliwapita wale wa inchi 18 kwa asilimia 44. Maana yake ni kwamba skrini moja nzuri ilizishinda skrini mbili. Na walipopewa skrini ya inchi 26, kasi ikashuka. Utafiti uliolipiwa na muuza skrini mwenyewe umeonesha kwamba kuna mahali ambapo kuongeza ni kupunguza. Mwenye kusimama na namba za 2003 hana budi kuzipokea na za 2008.

Swali la kwa nini iwe hivyo lilikuwa limekwisha kuchunguzwa. Mwaka 2001 Jonathan Grudin, mtafiti wa Microsoft, alichapisha uchunguzi wake juu ya watu waliozoea kufanya kazi kwa skrini nyingi. Mtu angetarajia kuwaona wakitanua dirisha moja likatambaa juu ya skrini zote kama mkeka. Hawakufanya hivyo. Walizigawa. Kazi kuu ilikaa upande mmoja, na upande wa pili vikakaa vitu vya kutupiwa jicho: barua pepe, kamusi, orodha ya kazi. Ukingo uliopo baina ya skrini mbili, ule ambao wauzaji wanajitahidi kuufanya mwembamba usionekane, ndio uliokuwa ukiwasaidia, kwa sababu uliwapa mpaka.

Mzanzibari haelezwi sana habari hii, kwa kuwa amekulia ndani yake. Nyumba ya Mji Mkongwe ina baraza nje, anapokaa kila apitaye. Ina sebule, anapopokelewa mgeni. Na ina ndani, pa wenyewe. Ukuta haukujengwa kwa kuwa mwenye nyumba alikosa uwezo wa kuwa na chumba kimoja kikubwa. Ulijengwa ili kila jambo liwe na mahali pake. Ukutani mkachongwa zidaka, na kila kidaka kikawekewa chake, hata mtu akiingia gizani mkono wake unajua taa iko wapi. Skrini ya pili ni chumba cha pili. Anayeichukulia kuwa ni sebule iliyopanuliwa anabomoa ukuta aliokwisha kuulipia.

Hapo ndipo inapokuja habari ya upau wa kazi, ule mstari wa chini wenye programu zilizofunguliwa, saa na alama ya betri. Wengi huuona kuwa jambo dogo lisilostahili mjadala, na ilhali ndio mlango wa kila kitu kinachofanyika kwenye kompyuta. Mtu anayefanya kazi ya mezani huenda kwenye mstari ule na kurudi siku nzima. Ukiwa mahali pamoja, mkono unajifunza. Baada ya wiki mbili jicho halitafuti tena. Ukitandazwa kwenye skrini zote, kila dirisha linaonekana mara mbili, na jicho linapaswa kuchagua kabla mkono haujaondoka. Kitufe cha barua pepe kiko hapa na kiko pale, na dirisha lenyewe huenda likafunguka upande ambao mtu hakuutazamia.

Watetezi wa kutandaza wana hoja nzito kuhusu umbali, na inatoka kwa Paul Fitts. Mwaka 1954 mwanasaikolojia huyo wa Marekani alionesha kwamba muda wa mkono kukifikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake: kilicho mbali na kidogo huchelewesha. Kwa hiyo, wanasema, upau uwe kila mahali ili usiwe mbali popote. Lakini kanuni hiyohiyo ina upande wa pili. Kitu kilicho kwenye ukingo wa skrini ni rahisi kukipata hata kikiwa kidogo, kwa sababu mshale ukifika ukingoni unasimama wenyewe. Mtu anausukuma bila kulenga. Unganisha skrini mbili ubavu kwa ubavu, na ukingo wa katikati unakufa. Kitufe cha kufunga dirisha, kile cha pembe ya juu kulia, kilichokuwa kikipatikana kwa kusukuma kipanya tu, sasa kinapaswa kulengwa; mshale ukizidi kidogo umekwishavuka upande wa pili. Mwenye kuongeza skrini anapungukiwa na ukuta, na hasara hiyo haiandikwi kwenye risiti.

Na kama umbali ndio shida, dawa yake ipo kwenye kibodi, tena ni ya bure. Kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na namba 1, 2 au 3 hufungua programu iliyo katika nafasi hiyo kwenye upau, popote mshale ulipolala. Kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale wa kulia au kushoto hulihamisha dirisha zima kutoka skrini moja hadi nyingine. Mtu akifundishwa vitu viwili hivyo kwa dakika kumi, habari ya umbali imekwisha.

Rai ya pili, kwamba mashine itajua yenyewe, inavunjwa na historia ya hao wanaotengeneza mashine. Kompyuta ya Macintosh II iliweza kubeba skrini zaidi ya moja tangu 1987, lakini upau wa menyu ulikaa kwenye skrini moja kwa zaidi ya miaka 25, mpaka Apple ilipobadili shauri katika mfumo wa Mavericks mwaka 2013 na kuipa kila skrini wake. Microsoft ilianza kukubali skrini nyingi katika Windows 98, ila upau wa kazi ukabaki mmoja hadi Windows 8 ya mwaka 2012. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, saa ilikuwa imeondolewa kwenye upau wa skrini ya pili. Watu walilalamika, na mwaka uliofuata ikarudishwa. Katika ulimwengu wa Linux, GNOME imeshikilia kwamba upau ukae kwenye skrini kuu peke yake, wakati KDE Plasma inamwachia mtumiaji aweke popote. Uhuru huo wa KDE ulikuja na malalamiko ya miaka mingi ya paneli zinazopotea skrini inapochomolewa, hata waandishi wake wakaujenga upya utaratibu mzima wa skrini nyingi katika toleo la 5.27 la mwaka 2023.

Hao ni wahandisi wa kampuni kubwa na jumuiya zenye uzoefu wa miongo, na hawajakubaliana mpaka leo. Kumwambia karani wa Malindi kwamba kompyuta yake itajua yenyewe ni kumwachia mzigo ambao wahandisi hao wameshindwa kuutua.

Tena karani huyo anafanya kazi kwa vifaa ambavyo wahandisi hao hawakuwa navyo mezani. Chukua meza ya kawaida ya Unguja: laptopu yenye nukta 1,366 kwa 768, na pembeni yake skrini iliyonunuliwa ikiwa imetumika, yenye nukta 1,920 kwa 1,080. Kompyuta haijui skrini hizo zimekaaje mezani, inakisia. Huenda ikaziweka zikiwa sawa kwa juu. Kwa hesabu hiyo skrini kubwa inaning'inia nukta 312 chini ya ile ndogo. Mtu akiwa sehemu ya chini ya skrini kubwa, akitaka kurudi kwenye laptopu, mshale unagonga ukuta usioonekana. Anasukuma tena, unagonga. Anauinua juu kidogo, unapita. Anafanya hivyo siku nzima na anadhani kipanya kimechoka. Tiba yake ni kufungua mipangilio ya skrini, ambamo kila skrini ni kiboksi chenye namba, na kuviburuta viboksi hivyo mpaka vikae kama skrini zenyewe zinavyokaa mezani. Ni kazi ya nusu dakika. Wengi hawajawahi kuifanya, kwa kuwa waliambiwa mashine itajua.

Kuna na habari ya umeme, ambayo mwandishi wa mwongozo aliyeko California haifikirii kabisa. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa kebo inayopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kebo ya kwanza ilianza kazi 1980. Mei 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme huo, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa kiasi cha miezi mitatu. Kebo mpya ya megawati 100, iliyogharimiwa na Marekani kupitia Millennium Challenge Corporation, ilizinduliwa 2013. Kwa mwenye skrini mbili, hata hivyo, si lazima giza liwe la mwezi. Sekunde mbili zinatosha.

Itazamwe kwa karibu. Umeme ukipepesa, laptopu haitikisiki kwa kuwa ina betri. Skrini ya pembeni inazimika. Ikiwa imeunganishwa kwa waya wa DisplayPort, mara nyingi kompyuta huihesabu kuwa imeondolewa, na madirisha yote yaliyokuwa kule yanarundikana kwenye laptopu. Umeme ukirudi, madirisha hayarudi yote, au yanarudi yamesinyaa pembeni, na aikoni zilizopangwa kwa mwezi mzima zimejichanganya. Ikiwa ni waya wa HDMI, huenda mambo yakawa kinyume: kompyuta inaendelea kuisoma skrini iliyozimika, kwa sababu volti 5 za kusomea utambulisho wake zinatoka kwenye kompyuta yenyewe. Basi dirisha lenye hesabu za mwezi linabaki limefunguliwa juu ya kioo cheusi. Karani anafungua faili upya, anaambiwa tayari limefunguliwa, halioni, anaanza kuogopa kwamba kazi imepotea. Ilitosha kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, na kuchagua skrini ya laptopu peke yake, ili kila kitu kimrudie.

Kwenye meza ya namna hiyo, yule aliyetandaza vitu vyake kila mahali amepoteza kila mahali. Aliyeweka upau, aikoni na arifa kwenye laptopu, na kwenye skrini ya pembeni akaacha dirisha moja tu la kutazamia, amepoteza dirisha moja. Umeme ukirudi analirudisha kwa vitufe vitatu na anaendelea. Windows 11 ina hata kisanduku cha kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na skrini iliyounganishwa. Kinafaa kutiwa alama. Na skrini ya pembeni nayo ichomekwe kwenye UPS. Ofisi nyingi huchomeka kompyuta peke yake na kuiacha skrini kwenye ukuta, kisha zikashangaa.

Watasema huo ni ushauri wa karani, na kwamba kazi nzito zinataka nafasi zaidi. Basi itazamwe kazi nzito. Mwaka 2016 ulianza Mradi wa Ramani Zanzibar, ambapo Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, iliwafundisha vijana kurusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba. Picha zao zilikuwa na undani wa sentimita 7 hivi kwa kila nukta, kiasi cha kuona pembe za paa la nyumba. Kwa undani huo, skrini yenye nukta 1,920 inaonesha mita 134 tu za ardhi kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Ukitanua ramani juu ya skrini mbili unapata mita 268, na katikati umeweka mstari mweusi wa plastiki juu ya nyumba za watu.

Anayechora mipaka ya majengo kutoka kwenye picha kama hizo hafaidiki na mita 134 za ziada, kwa sababu anachora jengo moja kwa wakati mmoja. Anachohitaji ni kuiona ramani bila kufunikwa. Programu ya QGIS, inayotumika sana kwa kazi hiyo kwa kuwa ni ya bure, ina paneli nyingi: ya matabaka, ya zana, ya majedwali ya sifa. Zikikaa zote juu ya ramani, ramani inabaki kijidirisha. Dawa ni kuzing'oa zile za kusoma na kuzipeleka skrini ya pili: jedwali la sifa, na ramani ndogo inayoonesha mtaa mzima. Zana za kuchorea zinabaki upande wa mkono, pale anapochora. Skrini kuu ni ya mkono, ya pili ni ya jicho. Hapo skrini ya pili imelipa gharama yake, na imelipa kwa kuwa imepewa kazi moja.

Mfano mwingine umekuwapo Zanzibar kabla kompyuta hazijafika mezani. Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mapema katika miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja televisheni mpaka miaka ya 1990. Chumba cha kuongozea matangazo, popote duniani, kina skrini nyingi kuliko ofisi yoyote. Lakini kila skrini ina jina na kazi: hii ni kamera ya kwanza, hii ya pili, hii ni picha inayosubiri, hii ni picha iliyo hewani. Hakuna skrini inayobeba mambo mawili, na picha iliyo hewani haihami mahali. Mwongozaji anaweza kutazama vioo kumi bila kupotea kwa sababu ana neno moja tu la kusema kwa kila kimoja. Anayetaja vyumba hivyo kama ushahidi wa wingi wa skrini amehesabu vioo, akasahau kusoma vibandiko vilivyo chini yake.

Lipo pia jambo la heshima. Katika mapokezi ya hoteli, Shangani au Nungwi, mara nyingi skrini moja imegeuziwa mgeni ili aone bei na tarehe. Katika Windows, arifa hutokea kwenye skrini kuu, pembe ya chini kulia. Ikiwa aliyefunga vifaa hakuchagua skrini kuu ni ipi, na mashine ikajichagulia ile ya mgeni, basi ujumbe wa siri wa mgeni mwingine, au maneno ya meneja juu ya mshahara wa mtu, yatachomoza mbele ya macho yasiyohusika. Mambo ya ndani yametolewa barazani. Vivyo hivyo kwa mwalimu anayechomeka projekta darasani: akichagua kurudufisha skrini, wanafunzi wanasoma barua zake, akichagua kupanua, slaidi zinakwenda ukutani na maelezo yake yanabaki mbele yake. Mipangilio hiyo miwili iko kwenye orodha moja, mmoja chini ya mwingine, na aliyezoea kuiachia mashine hajui kwamba alikuwa na hiari.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosikika kuwa la kiungwana: kila mtu apange apendavyo, meza ni yake. Kwa meza ya nyumbani, sawa. Lakini sehemu kubwa ya meza za kazi Unguja si za mtu mmoja. Mapokezi ya hoteli hubadilishana zamu, na kompyuta ya ofisi ya serikali hutumiwa na yeyote aliyepangwa siku hiyo. Kwa akaunti moja ya watu wote, wa asubuhi akihamisha upau, wa jioni anaanza kwa kutafuta. Meza ya pamoja inataka mpango wa pamoja, uliokubaliwa na kuandikwa. Waswahili wamesema siku nyingi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mahali pa vitu kwenye kompyuta ya zamu ni mali.

Karatasi moja ukutani inatosha, yenye mistari mitano: skrini kuu ni ipi, upau wa kazi unakaa wapi, skrini ya pili ni ya kazi gani, arifa zimezimwa au zimewashwa, umeme ukikatika vibonyezwe vitufe gani. Vyuo na vituo vinavyofundisha kompyuta hutumia wiki nyingi kwa barua na majedwali, na vinaweza kutenga saa moja kwa hili. Kiswahili chake kipo. Tangu katikati ya miaka ya 2000, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice na Microsoft ilipotayarisha kiolesura cha Kiswahili, maneno ya dirisha, upau, aikoni na kipanya yamekuwa yakitumika, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lina uwezo wa kuyakamilisha yaliyobaki.

Mkuu wa ofisi anayetaka kujua hali yake hahitaji utafiti wa Utah. Kabla ya kuidhinisha fedha za skrini nyingine, aende asubuhi ya Jumatatu kwenye meza iliyo na skrini mbili, aombe ruhusa ya mwenye meza, na achomoe waya wa skrini ya pembeni. Asubiri dakika moja, kisha aurudishe. Atazame saa, ahesabu inachukua muda gani mpaka mtu yule awe amerudi pale alipokuwa, na ni vitu gani anavitafuta. Kisha ampe nusu saa ya kupanga meza yake kwa ile mistari mitano, na arudie jaribio lilelile Jumatatu inayofuata, kwa skrini zilezile mbili.